Kutafuta Sifuri

Shuleni Nyanguge sifuri ilikuwa aibu
ya wino mwekundu, duara kama yai viza.
Leo nimeamka kabla ya jogoo kuitafuta.

Uwanja wetu ni bonde kati ya majabali,
nyuma ya Kayenze, mahali ambapo ziwa halionekani
ila harufu yake inafika: dagaa, matope, mafuta ya mashine.
Meza ya zege. Mifuko miwili ya mchanga
aliyoishona mke wa Luhende kwa suruali kuukuu za kazi;
mmoja bado una kifungo chake.

Darubini mpya imetoka boksini ikinuka duka.
Luhende, fundi wa ghala la silaha,
anakaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo,
kama anayefunga tairi la lori,
ulimi kauuma. Hasemi mpaka amalize.
"Vuta pumzi. Toa nusu. Nusu ibakize.
Kidole usikivute, kibembeleze."

Risasi ya kwanza: chini, kushoto.
Mkono wangu tayari uko juu ya darubini, unataka kurekebisha.
Anaupiga kofi dogo.
"Risasi moja ni umbea.
Ngoja tatu zikutane, ndipo uulize."

Ya pili. Ya tatu. Bega linahesabu.
Matundu matatu yamekaa pamoja kama mafiga,
mafiga mazuri, ila yamejengwa
kwenye uwanja wa jirani.
"Mkono wako mzima," anasema. "Kioo ndicho kinadanganya."

Kwa mita mia, mbofyo mmoja
ni unene wa penseli.
Juu, kumi na nne. Kulia, tisa.
Ti, ti, ti, kama mende ndani ya kabati,
nami naikumbuka ile ya zamani
iliyogonga bodi ya gari njia ya Magu,
nikaifuta vumbi nikasema, "Iko sawa,"
bila kuijaribu.

Usiku ule Igombe, kwenye vitunguu vya Nshoma Bugumba,
nililenga nyuma ya sikio la kiboko.
Risasi ikaenda ilikotumwa na kioo.
Akarudi majini na jeraha lake, siku tatu kimya;
ya nne akatokea alfajiri kwenye njia ya kuchotea maji.
Nshoma sasa anatembea na gongo
na hunisalimia vizuri.
Hilo ndilo gumu.

Naweka shavu kwenye kitako. Msalaba unatulia juu ya karatasi,
halafu karatasi inaota mguu.
Mjusi. Kichwa chekundu, kiwiliwili cha buluu,
kama aliyevaa jezi ya timu asiyoijua,
amekaa kitovuni kabisa mwa shabaha,
anainuka na kushuka, anainuka na kushuka,
kuruti anayeadhibiwa na afande asiyeonekana.
Naliona koo lake likidunda.

Natoa kidole kwenye kifyatulio.
"Vipi?"
"Kuna mwenye nyumba."
Luhende anachungulia, anacheka kwa pua.
Tunangoja. Jua linapanda jabali.
Upepo wa ziwani unageuka, nyasi zilizolala zinaamka.
Risasi tatu mezani zinapata joto la mkate.
Mjusi anashuka kwa wakati wake,
bila kutuaga.

Kisha tatu, polepole,
na ukimya mrefu kati ya moja na nyingine.

Tunafungua bunduki, tunaonyeshana chemba tupu,
tunatembea mita mia, umande mpaka magotini.
Kizibo kimoja cha soda kingeyafunika matundu yote.
Luhende halipi sifa. Anatoa daftari,
anaandika tarehe, upepo, idadi ya mibofyo,
na kwenye safu ya mwisho, duara lile lile la Nyanguge.
Naomba kalamu. Naweka sahihi kando yake.

Wakati wa kurudi namwambia tupitie Igombe.
"Kuna kazi?"
Hapana. Nataka vitunguu.